Westport, Kinsale au Dingle: Ulinganisho wa Miji Mitatu ya Pwani ya Ayalandi

Anayepanga kwenda Ayalandi kwa ajili ya bahari, milima na historia hukutana mapema na majina matatu: Westport katika Kaunti ya Mayo, Kinsale katika Kaunti ya Cork, na Dingle katika Kaunti ya Kerry. Miji yote mitatu imo katika njia ya watalii ya Wild Atlantic Way, iliyozinduliwa mwaka 2014, ambayo huanzia Kinsale upande wa kusini na kufuata ufuo wa magharibi hadi kaskazini kabisa kwa takriban kilometa 2,500. Yote ni midogo, na mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuuzunguka wowote kati yake asubuhi moja. Matangazo ya utalii huieleza kwa sifa zilezile za nyumba za rangi, muziki na samaki wabichi, hata msomaji asijue ashike lipi aache lipi. Tofauti zake hata hivyo ni kubwa, na mwenye siku nne au tano tu za kukaa hana budi kuzijua kabla hajalipia nauli.

Kipimo nilichokitumia hapa ni kimoja kuliko vingine vyote: ni kwa kiasi gani matembezi ya nje na historia ya mahali vimeshikana, kiasi kwamba anayepanda mlima au kuendesha baiskeli anapita ndani ya historia yenyewe badala ya kuikuta jumba la makumbusho jioni akiwa amechoka. Kwa kipimo hicho naiweka Westport mbele, ingawa kuna wasafiri ambao ningewaelekeza kwingine bila kusita, nao nitawataja.

Westport: mlima, ghuba na reli iliyokufa

Westport ni mji uliochorwa kabla ya kujengwa. Katika karne ya 18 ukoo wa Browne, wenye jumba la Westport House, ulikihamisha kijiji cha zamani kilichokuwa karibu na jumba hilo ili kupata nafasi ya bustani zake, na mji mpya ukajengwa kando, wenye uwanja wa pembe nane na mto Carrowbeg uliotiwa kingo za mawe na kupandwa miti. Ukoo huo unahesabu asili yake hadi kwa Gráinne Ní Mháille, mwanamke aliyetawala maji ya ghuba ya Clew katika karne ya 16 kwa meli zake mwenyewe, akawatoza ushuru waliopita, na mwaka 1593 akasafiri hadi Greenwich kuonana ana kwa ana na Malkia Elizabeth wa Kwanza ili kuwatetea jamaa zake waliokamatwa. Mnara wake ungali umesimama kwenye gati la kisiwa cha Clare, kinachofikiwa kwa feri kutoka Roonagh. Ghuba yenyewe imejaa visiwa vidogo vya udongo vilivyoachwa na barafu ya kale, na wenyeji husema ni 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Ndani yake watu hukodi kayaki na kupita katikati ya visiwa hivyo, kwenye maji yaliyokingwa na mawimbi makubwa ya bahari kuu.

Mlima wa Croagh Patrick, wenye urefu wa meta 764, unaonekana kutoka karibu kila kona ya mji. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Patrick alifunga huko juu kwa siku 40 katika karne ya tano, na kila Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Julai maelfu ya mahujaji huupanda, baadhi yao miguu mitupu. Huyu ndiye mtakatifu ambaye jina lake limebebwa na shule ya sekondari ya Iten nchini Kenya, iliyoanzishwa na mabruda wa Kiayalandi na kulea wakimbiaji wa kimataifa wasiohesabika. Kwa hiyo jina lake si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki hata kama mlima ni mgeni. Wala asiudharau kwa sababu ameuona au kuupanda Kilimanjaro. Sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali wa mawe, na kabla njia haijatengenezwa upya kwa ngazi za mawe miaka ya karibuni, pale ulipokanyaga ukidhani umefika imara, mguu ulirudi nyuma pamoja na kokoto. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na fimbo inayopatikana chini ya mlima ni msaada wa kweli. Safari ya kwenda na kurudi huchukua saa tatu hadi nne kwa mtu wa kawaida. Juu kuna kanisa dogo jeupe lililojengwa mwaka 1905, na siku isiyo na ukungu ghuba nzima hujifunua na visiwa vyake vyote.

Chini ya mlima huohuo, katika kijiji cha Murrisk, liko kumbukumbu la taifa la Njaa Kuu, lililozinduliwa mwaka 1997. Ni meli ya shaba, na mahali pa kamba za matanga pana mifupa ya watu iliyoshikana na kuelea hewani. Njaa hiyo iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuoza viazi shambani iliua watu wapatao milioni moja, na wengine wapatao milioni moja waliihama nchi, wengi kwa meli ambazo abiria walifia ndani yake kabla ya kuiona Amerika. Mayo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Nawasihi wanaoupanda mlima wasiipite meli hii kama kituo cha kupigia picha tu, kwa kuwa bila kuielewa njaa ile hawataelewa kwa nini mabonde mazuri ya kaunti hii yamebaki na watu wachache hivi.

Halafu iko njia ya baiskeli ya Great Western Greenway, ambayo kwangu ndiyo hoja kuu ya kuichagua Westport. Ina urefu wa kilometa 42 kutoka mjini hadi kisiwa cha Achill, ikipitia Newport na Mulranny, na imejengwa juu ya tuta la reli iliyofunguliwa mwaka 1895 na kufungwa mwaka 1937. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda vilima vikali, njia hii haina miinuko ya kutisha, na hata mtu asiyezoea baiskeli anaweza kuimaliza kwa siku moja, au kuigawa vipande viwili na kulala Mulranny. Wenye maduka ya baiskeli huwasafirisha wateja kwa gari hadi mwisho wa njia ili warudi wakiendesha kuelekea mjini, na ni busara kuuliza kwanza upepo wa siku hiyo unatoka wapi.

Reli hiyo ina hadithi ambayo watu wa Achill hawajaisahau. Mwezi wa Juni 1894, vijana wa kisiwa hicho waliokuwa wakienda Scotland kufanya vibarua vya mashambani walipanda mashua kuifuata meli iliyokuwa ikiwasubiri karibu na Westport. Walipoikaribia, wengi wakakimbilia upande mmoja kuitazama, mashua ikapinduka, na watu 32 wakazama. Reli ilikuwa haijafunguliwa rasmi, na treni ya kwanza kufika Achill ndiyo iliyobeba miili yao. Mwezi wa Septemba 1937, vijana kumi wa Achill, nao wakiwa vibarua wa kuvuna viazi, waliteketea kwa moto mahali walipokuwa wamelala katika mji wa Kirkintilloch, Scotland, na majeneza yao yakarudishwa kwa reli ileile muda mfupi kabla haijafungwa. Wazee walisema jambo hilo lilitabiriwa karne kadhaa nyuma. Anayeendesha baiskeli kutoka Mulranny kuelekea Achill, bahari ikiwa kushoto kwake na milima kulia, anapita juu ya njia iliyopitisha majeneza hayo. Sijui mji mwingine wa pwani ya Ayalandi ambako burudani ya mwili na kumbukumbu ya watu vimelala kwenye tuta moja namna hii.

Kinsale: baruti na matanga

Kinsale ni habari nyingine. Hakuna mlima wa maana karibu nayo, na asiyetaka kupanda kitu chochote atafurahi kusikia hivyo. Nguvu yake ni bandari: hori refu lililopinda, lenye maji tulivu, ambamo mashua za matanga hujaa kiangazi chote na ambamo mgeni anaweza kujifunza kuendesha mashua, kupiga kasia au kutoka na wavuvi wa ndoana. Mawimbi ya kuteleza kwa ubao yako nje kidogo ya mji, katika ufuo wa Garrettstown, ambako hata wanaoanza hufundishwa.

Bandari hii ndiyo iliyoubadili mwelekeo wa Ayalandi. Mwaka 1601 jeshi la Hispania lilishuka hapa kuwasaidia machifu wa Kiayalandi, Hugh O'Neill na Hugh Roe O'Donnell, dhidi ya Waingereza. Machifu hao walitembea na askari wao kutoka kaskazini katikati ya majira ya baridi, wakashindwa vitani nje ya mji, na miaka sita baadaye O'Neill na wenzake waliihama nchi moja kwa moja. Utawala wa kale wa Kigaeli, yaani wa machifu wa Kiayalandi wenyewe, haukuinuka tena. Msomaji wa Mombasa ana sababu yake ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo aliitawala Ureno pia, na jeshi lililokuja Kinsale lilitumwa na mwanawe, Filipo wa Tatu. Bahari ya Hindi na Atlantiki zilikuwa ndani ya hesabu za nyumba moja ya kifalme.

Aliyewahi kuzunguka kuta za Fort Jesus ataielewa haraka ngome ya Charles Fort, iliyojengwa na Waingereza katika karne ya 17 upande wa mashariki wa hori. Ina umbo la nyota, na pembe zake zimechongoka ili mizinga ya pembe moja ilinde ukuta wa pembe ya jirani, pasibaki mahali ambapo adui anaweza kujibanza chini ya ukuta. Ni elimu ileile ya kijeshi iliyoipa ngome ya Mombasa pembe zake. Hata hivyo Charles Fort ilikuwa na kasoro kubwa: ilijengwa kuitazama bahari, na upande wa nchi kavu kuna vilima virefu kuliko kuta zake. Mwaka 1690, ngome ikiwa mikononi mwa wafuasi wa Mfalme James aliyepinduliwa, jeshi la Mfalme William wa Uingereza lilipanga mizinga kwenye vilima hivyo na ngome ikasalimu amri baada ya siku 13. Simama kwenye ukuta wa nyuma ugeuke kuvitazama vilima, nawe utaona kosa lenyewe kwa macho yako. Kutoka mjini ni mwendo wa kilometa tatu hivi kwa njia ya kando ya maji inayopita Scilly na Summercove, na nadhani hayo ndiyo matembezi mafupi mazuri kuliko yote katika miji hii mitatu. Ng'ambo ya hori kuna ngome ndogo na ya zamani zaidi, James Fort, iliyozungukwa na majani tu.

Kusini mwa mji, tarehe 7 Mei 1915, nyambizi ya Ujerumani iliizamisha meli ya abiria ya Lusitania kilometa 18 hivi kutoka rasi ya Old Head, na watu wapatao 1,200 wakafa katika muda wa dakika 18. Uchunguzi wa kwanza wa vifo hivyo ulifanyika katika jengo la zamani la soko na mahakama mjini, na baadhi ya waliokufa wamezikwa kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Multose, lililojengwa katika karne ya 12. Mnara wa ishara karibu na rasi una maonyesho ya meli hiyo. Rasi yenyewe sasa ni uwanja wa gofu wa watu binafsi, na mtembeaji huishia langoni, jambo ninaloliona kuwa hasara kubwa kwa mji wenye historia ya namna hii.

Dingle: ncha ya nchi na lugha yake

Dingle iko kwenye rasi ndefu inayochoma baharini, na eneo lililo magharibi yake ni miongoni mwa machache ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani na sokoni. Vibao vya barabarani huko vimeandikwa Kiayalandi pekee, kwa hiyo ramani yenye majina ya lugha zote mbili ni ya lazima. Barabara ya mzunguko ya Slea Head, yenye urefu wa kilometa 47 hivi, hupita kando ya vibanda vya kale vya mawe vilivyojengwa bila chokaa wala udongo, na kufika kwenye kanisa dogo la Gallarus, lenye umbo la mashua iliyofunikwa kifudifudi. Mawe yake yamepangwa kwa kuinamishwa nje kidogo ili maji ya mvua yatiririke yasiingie ndani, na limesimama hivyo kwa karne nyingi bila paa jingine.

Mlima Brandon, wenye meta 952, ni mrefu na wa hatari kuliko Croagh Patrick, kwa kuwa mawingu ya Atlantiki huushukia ghafla. Nao ni mlima wa hija, na upande wa magharibi njia yake imewekewa misalaba. Mbele ya rasi viko visiwa vya Blasket. Kisiwa kikubwa kilihamwa mwezi wa Novemba 1953, serikali ilipowahamishia bara wakazi wachache waliobaki, baada ya jamii yao ndogo ya wavuvi kuacha maandishi mengi yanayosomwa hadi leo katika lugha yao. Kituo cha makumbusho kilichoko Dún Chaoin kinaeleza habari hiyo vizuri, na boti za kwenda kisiwani hutoka wakati wa kiangazi pale bahari inaporuhusu. Mara nyingi hairuhusu, na anayeitegemea safari hiyo moja aache siku ya akiba.

Kwa wasomaji wa Kongo nina sababu moja zaidi ya kuitaja Kerry. Ukielekea Dingle kupitia mji wa Tralee, uko karibu na ufuo wa Banna Strand, ambako Roger Casement, mpigania uhuru wa Ayalandi, alishushwa na nyambizi ya Ujerumani mwezi wa Aprili 1916, akakamatwa siku hiyohiyo, na mwezi wa Agosti akanyongwa London kwa kosa la uhaini. Ndiye konseli wa Uingereza aliyesafiri mtoni Kongo mwaka 1903 na kuandika ripoti iliyouonyesha ulimwengu ukatili wa utawala wa Leopold, watu waliokatwa mikono na vijiji vilivyoachwa kwa sababu ya mpira. Ufuoni kuna mnara wa kumkumbuka. Kuupita bila kusimama, kwa anayetoka ukanda wetu, ni kupoteza nafasi isiyopatikana mahali pengi.

Usafiri, jioni na hali ya hewa

Katika usafiri Westport inashinda waziwazi. Treni ya moja kwa moja kutoka kituo cha Heuston, Dublin, hufika kwa muda wa zaidi kidogo ya saa tatu, na mtu aliyeshuka pale anaweza kukaa siku nne bila gari, kwa baiskeli, basi la kwenda Murrisk na miguu yake. Kinsale haina treni, lakini basi kutoka mjini Cork hupitia uwanja wa ndege wa Cork, na safari nzima haimalizi saa moja. Dingle inafikiwa kwa treni hadi Tralee kisha basi, na ukishafika bila gari utaona mji tu, ilhali uzuri wake uko nje ya mji. Magari Ayalandi huendeshwa upande wa kushoto, kwa hiyo aliyejifunza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hatapata shida, ilhali anayetoka Lubumbashi, Kigali au Marekani ajipe muda wa kuzoea, maana barabara za rasi ni nyembamba na mabasi ya watalii ni mapana. Katika Slea Head mabasi hayo huzunguka kwa mwelekeo wa saa, nawe ufuate mwelekeo huohuo.

Ayalandi haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya Schengen au ya Uingereza haimwingizi huko raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe, na maombi yatumwe mapema.

Jioni, katika miji yote mitatu, muziki wa kienyeji hupigwa kwenye baa. Westport inajulikana kwa baa ya Matt Molloy, mpiga filimbi wa kundi la The Chieftains, na Dingle ina pia tamasha ndogo za muziki katika kanisa la Mtakatifu James. Msomaji asiyekunywa pombe asijizuie: kuagiza chai au soda na kusikiliza ni jambo la kawaida, moshi wa sigara umepigwa marufuku ndani ya baa tangu mwaka 2004, na watoto huruhusiwa mapema jioni pamoja na wazazi wao. Kwa chakula Kinsale iko juu. Mji huo umejijengea jina kwa migahawa yake kwa miongo mingi, na samaki, kome na chaza wake humpunguzia Mwislamu wasiwasi wa nyama, mradi aulize kama mchuzi umetiwa divai.

Mvua itakunyea kokote utakakokwenda. Magharibi, yaani Mayo na Kerry, hunyesha zaidi kuliko Kinsale. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo asubuhi ikiharibika bado kuna jioni ndefu ya kutembea. Koti lisilopitisha maji na viatu vya mlimani ni vya lazima Westport na Dingle. Kinsale viatu vya kawaida vinatosha.

Nani aende wapi

Anayekwenda mara ya kwanza, hana gari na ana siku nne, achague Westport, ila aepuke wikiendi ya mwisho ya Julai kama haji kwa ajili ya hija, kwa sababu vyumba hujaa na njia ya mlimani haipitiki kwa wingi wa watu. Anayesafiri na wazee au watoto wadogo, au mwenye usiku mbili tu karibu na Cork, achague Kinsale, na aongeze mji wa Cobh ulio jirani, bandari ya mwisho ambayo Titanic ilitia nanga mwaka 1912. Dingle ningempa mwenye gari na subira, anayejali habari za lugha zinazopigania uhai wake, au aliyekwisha kuiona Ayalandi na sasa anataka kufika kwenye ncha yake. Anayetaka miji miwili katika safari moja aiunganishe Kinsale na Dingle, kwa kuwa treni ya kutoka Cork hadi Tralee hupita Mallow na safari haichoshi. Kuiunganisha Westport na mojawapo ya hizo mbili kwa usafiri wa umma hula karibu siku nzima njiani, na siku hiyo ni afadhali itumike Achill.